Ujumbe Uliofika Uchi Langoni

Nchi ninayotaka kuwasimulia haina jina kwa sasa. Jina lilikuwapo. Likapelekwa wizarani kuthibitishwa, likafika bila vazi, likarudishwa, na hadi leo liko njiani. Ninyi mnaosoma mnaishi katika nchi nyingine, yenye serikali makini na mashine zinazoelewana, kwa hiyo mtanivumilia nikieleza mambo ambayo kwenu hayawezi kutokea.

Huko kwetu kila ofisi ya serikali ilipewa kompyuta yake. Kila kompyuta ililetwa na nchi rafiki, na kila rafiki alikata utepe, akapigwa picha, akaondoka na kitabu cha maelekezo. Mashine ya hospitali haikuelewana na ya polisi, ya polisi haikuelewana na ya ardhi, na ya ardhi haikuelewana na mtu yeyote. Ndipo Mheshimiwa Mkuu wa Nchi alipotoa Amri ya Mavazi.

Amri yenyewe ilikuwa fupi kuliko hotuba iliyoitangulia. Ujumbe wowote unaotoka ofisi moja kwenda nyingine lazima uvae. Mbele uvae lebo inayosema ni ujumbe wa nini, nyuma uvae lebo inayosema ujumbe huo umekwisha. Usio na lebo hizo mbili ni ujumbe uchi, na nchi inayojiheshimu haipokei kitu kilicho uchi.

"Taifa lililovaa," Mheshimiwa alisema pale uwanjani, "ni taifa lililokwisha kuamka!"

Watu wakapiga makofi sana, maana waliambiwa maji ya kunywa yatagawiwa baada ya makofi.

Mwanzoni amri ilihusu mashine tu. Lakini viongozi wetu hawapendi kupitwa na mashine. Muda si mrefu na sisi tukavishwa: lebo moja ya kitambaa kifuani, inayosema wewe ni nani, na nyingine mgongoni, inayosema umeishia hapo. Ukiingia ofisini huwezi kumwamkia mtu hivi hivi. Unasema, "Fungua salamu. Shikamoo. Funga salamu." Mkubwa naye anafungua, anaitikia marahaba, anafunga. Kazi zilipungua kasi kidogo, lakini nidhamu ilipanda, na magazeti yaliandika hivyo.

Ajali zilikuwa chache. Waziri wa Mifugo alidondosha lebo yake ya mgongoni akiwa ziarani, asijue. Kwa mujibu wa mashine, Waziri akawa hajaisha, na chochote kilichomfuata nyuma kikahesabiwa kuwa ndani yake. Siku hiyo nyuma yake walikuwa dereva, kwaya ya shule na mbuzi. Kwaya ilitolewa baadaye baada ya wazazi kulalamika. Mbuzi hawakuwa na wa kuwalalamikia, wakabaki kwenye Baraza la Mawaziri, na wanaofuatilia siasa wanasema hawajawahi kupinga hoja.

Sasa nije kwenye lililonipata mimi.

Binti yangu Mwajabu, wa darasa la tatu, alishikwa na tumbo. Ilikuwa kidole tumbo. Nikamkimbiza Hospitali Kuu. Kuingia hakukuwa na shida. Huko kwetu kuingia mahali hakujawahi kuwa na shida. Akavishwa lebo ya MGONJWA MWAJABU kifuani na ya MWISHO WA MWAJABU mgongoni, akapasuliwa, na sina budi kusema ukweli, daktari alikuwa na mkono mzuri. Kidonda kilifunga, mtoto akaanza kuomba chipsi. Daktari akaja, akamgusa tumbo, akasema, "Huyu amepona. Aende nyumbani."

Muuguzi wa wodi, Sista Perusi, akabonyeza mashine yake ili itume habari langoni. Mashine ya wodi ilikuwa kongwe kuliko Amri. Yenyewe ilikuwa inaandika kama watu wanavyosema. Nikamshika Mwajabu mkono, mfuko wa nguo begani, tukaenda langoni.

Lango la Hospitali Kuu ni la chuma na lina mashine yake, mpya, ya nchi rafiki nyingine. Aliyekuwa zamu ni Afande Chuwa, mtu mpole, mnene, mwenye filimbi shingoni.

"Habari za kazi, afande. Tunatoka."

"Fungua salamu kwanza, mama."

Nikafungua, nikasalimu, nikafunga. Akaangalia kioo cha mashine.

"Ujumbe wa mtoto umefika," akasema. "Lakini umefika uchi."

"Unasemaje?"

"Siwezi kujua unasemaje. Uko uchi."

"Mbona nauona hapo kwenye kioo? Nisomee."

Akainama, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Mtoto Mwajabu wa kitanda cha dirishani amepona. Aende nyumbani."

"Haya basi."

"Haya basi nini? Sijausoma mimi. Nimeutamka tu."

"Afande, wewe una macho. Mtoto huyu mgonjwa?"

Akamtazama Mwajabu, ambaye alikuwa anarukaruka kwa mguu mmoja.

"Kwa macho amepona," akasema. "Kwa lango bado anaumwa. Rudini ndani, mama, msiniletee matatizo. Nina familia."

Nilijaribu kumvisha mtoto lebo yangu ya MGENI apite nayo. Mashine ikalia. Afande akanieleza kwa upole kwamba mgeni akitoka, aliyebaki bila lebo atahesabiwa hayupo, na asiyekuwapo hapewi ruhusa ya kutoka. Nikaivaa lebo yangu upesi.

Tukarudi wodini. Mwajabu akapanda kitanda chake cha dirishani, nami nikakaa kwenye kiti. Mimi niliruhusiwa kwenda na kurudi saa za kutazama wagonjwa, kwa kuwa lebo za wageni zilishonwa baada ya Amri, kwa kitambaa kizuri.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja, Mama Sikitu, mwembamba, mwenye kikapu cha kusuka ukili. Mwanawe alikuwa amefunikwa gubigubi, kichwa na miguu.

"Wako anaumwa nini?" nikamuuliza.

"Amelala. Usipige kelele."

Nikapunguza sauti, nikamweleza yaliyotokea langoni. Alisikiliza huku anasuka.

"Ndiyo," akasema. "Wote hapa wamepona."

Nikatazama wodi. Safu mbili ndefu za vitanda, na kila kitanda na mama yake.

Kesho yake nikaenda Idara ya Kuvisha Ujumbe, iliyoundwa mahususi kwa matatizo kama langu. Ina jengo zuri la vioo. Mkurugenzi, Mheshimiwa Kirumbuyo, alikuwa na lebo ndefu, ya kifuani ikifika magotini kwa sababu ya vyeo.

"Fungua ukarimu," akasema. "Karibu, mama. Kaa. Funga ukarimu. Fungua maelezo ya utangulizi. Idara yangu inapokea ujumbe wowote ulio uchi, inauvisha, na kuupeleka unakokwenda ukiwa na heshima zake. Tuna mafundi waliosomea nje. Funga maelezo ya utangulizi."

Nikafurahi. Nikasema, "Ujumbe wangu uko pale hospitali. Unasema mtoto amepona."

Akainua mkono kunizuia. "Mama, unaniletea maneno matupu mezani?"

"Si ndiyo nimeyaleta yavishwe?"

"Naam. Lakini hii ni ofisi. Na hospitali ni ofisi. Baina ya ofisi na ofisi hakipiti kitu uchi. Ujumbe wa hospitali utatufikia tuuvishe mara tu utakapokuwa umevaa."

Nilidhani kuna sehemu nimeikosa. Nina stashahada ya ugavi. Nimezoea mizigo na taratibu zake. Nikarudia polepole: "Ili uvishwe, uje umevaa."

"Umeelewa haraka sana," akasema kwa furaha ya kweli. "Wengine huwa wanalia."

"Je, mmewahi kuvisha hata mmoja?"

Akasimama, akafunga vifungo vya koti. Wa kwanza kabisa, akaniambia, waliuvisha wao wenyewe siku ya uzinduzi, Mheshimiwa Mkuu wa Nchi akishuhudia. Ulikwenda umevaa vizuri. Ulipofika, mashine ya upande wa pili ikauvua ili iusome, ikakuta ndani uko uchi, ikaurudisha. Wakauvisha tabaka la pili. Ukavuliwa mara mbili, ukarudi. Tangu hapo Idara ilikuwa inaongeza tabaka juu ya tabaka, na sasa ujumbe huo ulikuwa mnene kiasi kwamba ulipewa chumba chake.

"Ulikuwa unasema nini?"

"Fungua siri ya serikali," akasema, akanyamaza kwa muda wa heshima, kisha akasema, "Funga siri ya serikali." Akanipa mkono, nikaondoka.

Niliporudi wodini saa ya uji, nilimkuta Mwajabu amekaa wima kitandani, mikono juu ya mapaja. Mtoto wangu ni msemaji. Nyumbani huwa namwambia apumzishe mdomo hata dakika moja tule. Sasa aliniangalia kama anaangalia mtu wa ofisini, akasema:

"Fungua ombi. Mama, naomba maji. Funga ombi."

Nikacheka, nikidhani anawaigiza wakubwa. Hakucheka. Nikampa kikombe, akanywa, akafungua shukrani, akafunga.

"Mwajabu, ongea na mimi kama mama yako."

Akafikiri. Nilimwona anatafuta. Mdomo ukafunguka, ukafungika, kisha akanong'ona, "Fungua mama…" na machozi yakamtoka, kwa sababu hakujua afunge wapi.

Hapo ndipo nilipoacha kushughulikia ujumbe. Nikaanza kushughulikia mtoto.

Nilikaa dirishani nikatazama lango. Madaktari walipita wakisimamishwa. Jeneza lilipita, baada ya kubishaniwa. Ikaja toroli ya nguo chafu, imejaa magunia, inapelekwa kwa dobi ng'ambo ya barabara. Mashine za kufulia za hospitali zilikuwapo, ila zilikuwa zinasubiri kuzinduliwa. Kila gunia lilikuwa na lebo mdomoni, MASHUKA, na lebo kitakoni, MWISHO WA MASHUKA. Afande Chuwa akazipitisha lebo kwenye mashine. Ikalia sauti tamu ya ndege. Lango likafunguka lenyewe. Hakuna aliyefungua gunia hata moja.

"Mashuka yana bahati," akasema Mama Sikitu nyuma yangu, bila kuinua macho kwenye ukili.

Nikageuka kumtazama. Akaingiza mkono kikapuni, akatoa sindano ya gunia yenye uzi, akaiweka juu ya kitanda cha Mwajabu, akaendelea kusuka.

Siku ya toroli iliyofuata nilichukua gunia lililokuwa mlangoni, nikatoa mashuka nikayasukuma chini ya kitanda. Nikamvua Mwajabu lebo zake mbili, nikazitia ndani ya sidiria yangu.

"Ingia."

"Fungua swali. Mama, natoka kama chupi chafu? Funga swali."

"Kama shuka. Na mashuka hayaongei."

Akajikunja magoti kifuani, kidonda upande wa juu. Nikatoboa tundu mbili za hewa, nikashona mdomo wa gunia kwa mishono mirefu. Kina mama wa vitanda vyote walikuwa wameangalia ukutani. Mbeba magunia akaja, akaliinua, akasema, "Leo wametapika nini hawa," akalitupia torolini.

Niliifuata toroli hadi langoni, nikiwa mgeni anayetoka. Afande akapitisha lebo. Mara gunia likapiga chafya.

Afande akasimama. Mimi nikasimama. Mbeba magunia akatazama juu, kama mtu anayetafuta mvua. Afande akaliangalia gunia, akaiangalia mashine. Mashine ilikuwa imeandika: MASHUKA. VAZI KAMILI. YAPITE.

"Poleni, mashuka," akasema Afande Chuwa. Ndege akalia, lango likafunguka.

Kwa dobi nilikata mishono kwa meno. Mwajabu akatoka, nywele zimejaa nyuzi, akavuta pumzi, akasema, "Mama, lile gunia linanuka! Halafu yule kaka amenikalia! Halafu mimi nataka chipsi, uliniahidi tangu juzi, na soda!" Hakufungua, hakufunga. Nilimkumbatia mpaka akalalamika kidonda.

Dobi alisimama pembeni na beseni lake.

"Mama," akasema, "hili mimi sifui."

"Si lako. Nalichukua."

"Chukua. Ila mashine yangu imeshapokea gunia la shuka. Gunia lililokuja na shuka linarudi na shuka, limenyooshwa. Lisiporudi watakuja kulitafuta lilikokwenda. Na wakilipata watalirudisha, vyovyote litakavyokuwa linaitwa."

Nikampeleka Mwajabu nyumbani kwa dada yangu, nikamwachia chipsi na onyo. Nikavua shuka la kitanda changu, lile la maua ya zambarau, nikarudi nalo kwa dobi. Likapigwa pasi, likatiwa guniani, likapita lango likiimbiwa na ndege. Nami nikapita nyuma yake na lebo yangu ya mgeni, nikijua kazi imekwisha, nilikuwa naenda kuchukua ndoo yangu na sahani tu.

Wodini Sista Perusi alikuwa amesimama kando ya kitanda cha dirishani. Mashine yake ilikuwa inalia.

"Inamuulizia Mwajabu," akasema. "Inasema hajatoka, maana lango halijamtoa. Na kitandani hayupo. Asiyetoka na asiyekuwapo ni mtoro, mama. Mtoro anafuatwa na polisi hadi nyumbani kwao." Akachungulia mlangoni. "Na wodi ikipoteza mtu, muuguzi ndiye anayelazwa kujaza nafasi."

Gunia lilikuwa limeletwa hapo mlangoni. Nikatoa shuka langu la maua, nikalikunja, nikalizungusha likawa na kichwa na miguu, nikalilaza. Nikatoa zile lebo kifuani mwangu. MGONJWA MWAJABU nikaishona mbele. MWISHO WA MWAJABU nikaishona nyuma. Nikalifunika blanketi gubigubi.

Mashine ikanyamaza.

Sista Perusi aliliangalia shuka kwa muda. Akafuta jasho, akashika kalamu.

"Anakula?"

"Kidogo," nikasema.

"Uji utaletwa. Na wewe, mama, usikose saa za kutazama wagonjwa. Mtoto asiyetazamwa na mama yake siku nzima, mashine inaandika ametelekezwa. Serikali inakwenda kwao kuuliza kwa nini."

"Siku nzima hata moja?"

"Hata moja."

Akaondoka haraka kwenda kitanda kingine. Nikakaa kwenye kiti changu kile kile. Nikageuka kwa Mama Sikitu. Kwa mara ya kwanza nikainua ncha ya blanketi la mwanawe. Ndani kulikuwa na shuka la mistari, limechakaa, limekunjwa vizuri, na lebo ya kifuani imefifia hata haisomeki.

"Wako yuko wapi?" nikanong'ona.

"Shuleni. Yuko kidato cha pili."

"Alikuja hapa lini?"

"Alikuwa chekechea." Akairudisha ncha ya blanketi mahali pake, akalisawazisha kama unavyomsawazishia mtoto. "Mahafali yake ya darasa la saba nilihadithiwa. Yaliangukia saa za kutazama wagonjwa."

Nikatazama safu ile ndefu. Kina mama walikuwa wanakoroga uji, wanapuliza, wanapeleka kijiko kwenye mikunjo ya mashuka, kisha wanaunywa wenyewe, maana kurudisha bakuli likiwa limejaa ni dalili mbaya.

Ndivyo tunavyoishi. Mwajabu anaendelea vizuri nyumbani. Sasa anamsumbua dada yangu kwa maneno badala ya kunisumbua mimi. Jioni narudi nachelewa, namkuta amelala. Asubuhi anakwenda shule, nami nakwenda wodini kulilisha shuka. Hata kitandani kwangu nalalia godoro tupu.

Daktari hupita mara kwa mara na wanafunzi wake. Majuzi aliweka kipimo chake juu ya maua ya zambarau, akasikiliza kwa makini, akawaambia wanafunzi waone jinsi uso ulivyotulia. Kisha akaniambia, "Hongera, mama. Huyu amepona. Aende nyumbani."

Sista Perusi akabonyeza. Wodi nzima tukaacha vijiko, tukasikiliza. Kutoka mbali, kule langoni, filimbi ikapigwa, na sauti ya Afande Chuwa ikaja dirishani:

"Umefika uchi!"

Tukashika vijiko.

Jana wamemhamishia hapa kutoka wodi ya mifupa mama mgeni, kijana tu, na mtoto mwenye mguu uliovunjika ukaunga. Wamekwenda langoni hivi punde, wamerudishwa. Amekaa kwenye kitanda cha pili kutoka changu, anafuta macho, mtoto anauliza wanakwenda nyumbani lini.

"Samahani, dada," akaniambia. "Mwanao anaendeleaje? Mbona amefunikwa hivyo?"

"Amelala," nikasema. "Usipige kelele."

Akaniomba radhi. Nje toroli ilikuwa inapita na magunia yake. Nikasogeza kiti kumpisha aone dirishani, kisha nikaingiza mkono kikapuni mwa Mama Sikitu kutafuta sindano.